Kiungo kinakatala: utatuzi wa matatizo ya alamisho za pamoja darasani

Mwalimu wa historia au jiografia hapa Lubumbashi ana vitabu vichache na wanafunzi wengi. Ndiyo maana alamisho za pamoja zinavutia. Mwanafunzi akipata ukurasa mzuri kwenye intaneti anauhifadhi mahali pa wote, anaupa lebo, anaandika sentensi mbili za maelezo, na wenzake wanaukuta pale pale. Zana zipo: Diigo, Raindrop, Pearltrees ya Wafaransa ambayo wengi huipenda kwa kuwa imeandikwa Kifaransa kama masomo yetu, na hata Padlet kwa wanaotaka ubao wa kubandika. Zinatofautiana sura, lakini zinakwama kwa namna moja.

Nimepanga dalili kwa jinsi mwalimu anavyozikuta. Zinaanza zile za kelele, ambazo darasa zima linakuita kwa pamoja, kisha zinafuata za kimyakimya. Za kelele huwa ni za mtandao na zina dawa. Za kimya ndizo zinazoiua kazi yenyewe, na mara nyingi chanzo chake ni swali ambalo mwalimu amelitoa, wala si programu. Mfano nitakaorudia ni wa somo moja la sekondari: historia ya shaba ya Katanga, kuanzia misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa kabla ya ukoloni, hadi Union Minière (UMHK), kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, reli iliyofika hapa mwaka 1910, na yaliyofuata.

Kwangu kinafunguka, kwao kinakatala

Jana usiku umejaribu kiungo, kikafunguka. Leo asubuhi: “Mwalimu, kwangu inakatala.” Mwingine: “Hata kwangu.” Usiguse zana kwanza. Chukua simu ya mwanafunzi mmoja usome kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sababu kila chanzo kina maandishi yake.

Ukurasa ukidai jina na nenosiri, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mkusanyiko wako uko katika hali ya faragha. Ingia kwenye mipangilio uufungulie kikundi. La pili ni gumu kuligundua: makala yenyewe ni ya kulipia, na wewe uliisoma ukiwa kwenye mtandao wa chuo kikuu. Maktaba za majarida ya kitaaluma huutambua mtandao wa chuo na kukufungulia mlango bila kukuuliza chochote, kwa hiyo hukujua hata kama mlango upo. Mwanafunzi aliye mtaani Katuba kwa simu ya baba yake anakutana nao umefungwa. Kipimo ni rahisi: fungua kiungo chako mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukitumia mega (data) za simu yako badala ya Wi-Fi ya kazini. Kikikukatalia wewe pia, umeshapata jibu.

Ukurasa ukizunguka tu bila kuandika chochote, uliza amenunua kifurushi gani. Wanafunzi wengi hununua kile cha WhatsApp peke yake kwa sababu ni cha bei ndogo. Ujumbe wako unamfikia, kiungo anakiona, anakibofya, na hapo safari inaishia, maana kifurushi chake hakimruhusu kutoka nje ya WhatsApp. Mwambie afungue ukurasa mwingine wowote mwepesi. Ukikataa nao, kiungo chako hakina kosa. Kwa darasa la namna hii, nakili aya mbili muhimu za ukurasa uzitume kama maandishi ya kawaida pamoja na kiungo. Atakayekuwa na mega za kutosha atakwenda kwenye chanzo, na asiye nazo atakuwa na cha kusoma.

Ukurasa ukianza kufunguka kisha ukakwama katikati, tazama kama ni PDF. Ripoti za zamani za ukoloni na ramani za migodi nyingi zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na faili moja inaweza kuwa na makumi ya megabaiti. Hapo dawa iko kwenye maelezo ya alamisho: andika ukubwa wa faili na namba za kurasa unazotaka zisomwe. “MB 38, soma ukurasa wa 12 hadi 15 tu” inamwokoa mwanafunzi. Bora zaidi, ipakue wewe mara moja, kata zile kurasa nne, uwagawie kwa Bluetooth.

Na kama kinafunguka lakini kila mtu anaona kitu chake? Aliyekihifadhi alinakili anwani ya ukurasa wa matokeo ya utafutaji badala ya anwani ya makala. Ni kosa la kawaida mno kwenye simu, ambako sehemu ya anwani hujificha. Wafundishe kuangalia mwanzo wa anwani: ukianza na jina la mtambo wa kutafutia, bado hujafika. Siku hizi kuna ndugu yake: kiungo cha mazungumzo na programu ya akili bandia. Kinafunguka vizuri, kimeandikwa vizuri, lakini hakina chanzo. Mimi sikihesabu.

Simu inasema tovuti si salama

Hili linastahili mahali pake kwa kuwa linatisha na dawa yake ni ndogo. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa heshima kabisa, labda wa makumbusho au wa Wikipedia, na kivinjari kinampa onyo kubwa kwamba muunganisho si wa faragha. Wengine wataacha, wengine watabonyeza “endelea” bila kusoma, na tabia hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa.

Angalia tarehe ya simu. Simu ya zamani ambayo betri yake imekufa hupoteza saa ikikaa bila chaji, na mitaa yetu inaijua habari ya kukaa bila umeme. Ikiwashwa tena inaweza kujikuta miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo simu inayodhani leo ni mwaka 2015 itakataa cheti kilichotolewa juzi. Weka tarehe sahihi, funga kivinjari, fungua tena.

Tarehe ikiwa sahihi na onyo bado lipo, angalia umri wa simu. Simu zenye Android ya kabla ya toleo la 7.1.1 hazina cheti kipya cha mzizi cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi sana duniani, na ile njia ya kando iliyozisaidia simu hizo ilikwisha mwezi wa Septemba 2024. Kosa si la tovuti wala la mwanafunzi. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti badala ya kutegemea ya simu, kwa hiyo ikikubali kuingia kwenye simu hiyo, mara nyingi tatizo huisha. Isipokubali, mwanafunzi huyo asome kwa jirani yake.

Hawawezi kufungua akaunti

Vyanzo ni vilevile siku zote. Hana barua pepe, au anayo lakini nenosiri lilifungwa na kaka aliyeondoka kwenda Kolwezi. Ujumbe wa uthibitisho umekwenda kwenye namba ya mama. Au wanafunzi arobaini wanajaribu kujiandikisha saa ileile kupitia mtandao mmoja wa shule, na zana inadhani inashambuliwa na roboti, ikaanza kudai mafumbo ya picha na hatimaye kufunga mlango.

Usifungue akaunti arobaini. Fungua moja kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne au watano, ukiwa nyumbani, siku mbalimbali, na nenosiri liandikwe kwenye daftari lako. Diigo ina akaunti ya walimu iliyotengenezwa kwa shida hii hasa: mwalimu anawafungulia wanafunzi akaunti bila barua pepe zao. Padlet nayo inaweza kupangwa ili mgeni aweke kiungo bila kuwa na akaunti. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi hizi hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13, kwa hiyo kwa madarasa ya chini akaunti iwe ya mwalimu peke yake.

Majina ya akaunti yawe ya kikundi: “Kikundi3”, “Ruashi2”. Jina kamili la mtoto pamoja na jina la shule yake havina kazi kwenye ukurasa ambao dunia nzima inaweza kuusoma.

Viungo vyote vinaishia WhatsApp

Umeeleza, umeonyesha, na bado kila kiungo kinatumwa kwenye kundi la darasa, kinapita katikati ya salamu, picha za harusi na sauti za dakika nne, na baada ya siku mbili hakuna anayekiona tena.

Walimu wengi hupambana na hili kwa makaripio. Ni kupoteza nguvu. Wanafunzi wako WhatsApp kwa sababu ndiko mega zao zinakowafikisha. Acha watume huko, ila chagua mtunza viungo mmoja kwa kila juma. Kazi yake ni kupita kwenye kundi Ijumaa, kuchukua kila kiungo kilichotumwa, kukifungua kuhakikisha kinafanya kazi, kukiweka kwenye zana na kukipa lebo. Ampigie aliyekituma akikosa maelezo. Juma linalofuata anabadilishwa. Kwa maoni yangu huu ndio mpango unaofaa zaidi kwa mazingira yetu kuliko yote ninayotaja hapa, kwa sababu kila mwanafunzi, zamu yake ikifika, analazimika kuusoma mkusanyiko wote na kuona uzembe wa wenzake.

Darasa zima limehifadhi kurasa tatu zilezile

Umeuliza: “Tafuteni habari za shaba ya Katanga.” Umepata makala ya Wikipedia ya Kifaransa mara ishirini, na nyingine mbili zilizoibuka juu kwenye utafutaji. Hapo zana imefanya kazi yake. Swali ndilo pana mno, na swali pana humpeleka kila mtu kwenye mlango wa kwanza.

Gawa swali. Kikundi kimoja kitafute jinsi shaba ilivyoyeyushwa kwenye tanuru za udongo kabla ya Wazungu. Kingine reli: ilitoka wapi na kwa nini ilikuja kutoka kusini. Kingine wafanyakazi walioletwa kutoka mbali na kambi walimoishi. Kingine miaka ya kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Kisha weka sheria: kiungo ambacho kikundi kingine kimekwisha kukiweka hakihesabiki, ila ukikiongezea maelezo yanayopinga au yanayokamilisha ya mwenzako. Sheria hiyo inawalazimisha kuangalia mkusanyiko kabla ya kuweka, na ndiyo maana ya neno “pamoja”.

Kuna pia marudio ya uongo. Ukurasa mmoja unaonekana mara mbili kwa sababu mmoja alitumia simu na mwingine kompyuta: hadi mwaka 2025 anwani ya Wikipedia ya simu ilikuwa na herufi “m” ya ziada katikati, na viungo vya zamani bado vinayo. Au aliyeukuta Facebook aliunakili na mkia mrefu unaoanza kwa alama ya kuuliza na neno fbclid. Kata mkia kuanzia hiyo alama, kisha ujaribu kufungua. Ukifunguka, hifadhi ule mfupi. Usipofunguka, rudisha, maana tovuti nyingine hutumia alama ya kuuliza kutajia namba ya ukurasa wenyewe.

Lebo zimekuwa kichaka

Hapa tunaingia kwenye dalili za kimya. Hakuna anayelalamika. Viungo vinaongezeka, kila kimoja kina lebo, mwalimu anafurahi. Mwezi unaofuata mwanafunzi anabofya lebo ya “Gécamines” na kupata viungo viwili, wakati mkusanyiko una kumi na zaidi vinavyozungumzia kampuni hiyo.

Fungua orodha ya lebo zote za darasa uisome kama unavyosahihisha insha. Kwenye somo la shaba utakuta mambo kama haya: cuivre, Cuivre, cuivres, shaba, Gécamines, Gecamines, gecamine, UMHK, Union, Minière, historia, Histoire, muhimu, mwalimu. Na katikati ya orodha, ikijivuna kwa idadi kubwa ya viungo, lebo yenye herufi mbili: “ya”.

Hiyo “ya” inaeleza chanzo cha kwanza. Zana kadhaa, Pinboard ikiwa mojawapo na Delicious ya zamani kabla yake, hutenganisha lebo kwa nafasi. Mwanafunzi akiandika shaba ya Katanga, anatengeneza lebo tatu: “shaba”, “ya” na “Katanga”. “Union Minière” inakatwa vipande viwili kwa namna hiyohiyo. Diigo inakubali maneno mawili yakifungwa ndani ya alama za kunukuu; nyingine hutenganisha kwa mkato. Jaribu mwenyewe kabla ya somo, kisha mwagize kila mtu aunganishe maneno kwa kistari: union-miniere. Basi.

Chanzo cha pili ni kibodi. Simu inaweka herufi kubwa yenyewe mwanzoni, na alama ya lafudhi juu ya “e” inategemea nani ana haraka. Kwa zana nyingi Gécamines na Gecamines ni lebo mbili zisizojuana. Amua: herufi ndogo zote, bila alama za juu, umoja siku zote.

Chanzo cha tatu hakirekebishiki kwa kibodi, na ndicho chenye faida darasani. Vitu vilivyobadilishwa majina. Mji wetu uliitwa Elisabethville hadi mwaka 1966. Vyanzo vya kabla ya hapo vitabeba jina hilo, vya baadaye vitasema Lubumbashi, na mwanafunzi atakayeweka lebo kwa kunakili jina aliloliona atauvunja mji mmoja vipande viwili. Union Minière na Gécamines zina hadithi ileile: ya kwanza ilitaifishwa mwaka 1967, na kampuni ya serikali iliyoirithi ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Je, zipewe lebo moja au mbili? Usiwajibie. Waulize wanafunzi, waache wabishane kwa dakika kumi. Atakayesema “mbili, kwa sababu mwenye mali amebadilika” na atakayesema “moja, kwa sababu mgodi na wafanyakazi ni walewale” wote wawili wanafanya historia, na wanaifanya kwa sababu ya kisanduku cha lebo.

Wazo la watu wa kawaida kupanga vitu kwa lebo zao wenyewe, bila orodha ya mkutubi, ndilo lililofanya zana hizi zipendwe. Delicious ilianza nalo mwaka 2003, na mwaka uliofuata Thomas Vander Wal akalipa jina la folksonomia. Kwa mtandao wenye watumiaji mamilioni, fujo hiyo hujisawazisha, maana wengi watatumia neno moja. Darasa la watu arobaini halina wingi wa kujisawazisha. Kwa hiyo napendelea njia ya kati: lebo kumi na mbili hivi za lazima, zimeandikwa kwenye karatasi ukutani, na nafasi ya lebo moja huru ambayo mwanafunzi anajibunia. Kila mwisho wa mwezi, lebo huru iliyotumiwa na vikundi vitatu inapanda kwenye karatasi ya ukutani. “Muhimu” isiruhusiwe kamwe.

Viungo vimejaa, hakuna aliyesoma

Angalia saa ambazo viungo vimewekwa. Zana nyingi huonyesha tarehe. Ukiona viungo tisa vya kikundi kimoja vimeingia Jumapili usiku ndani ya robo saa, hakuna kilichosomwa. Chanzo ni jinsi unavyotoa alama. Ukisema “kila kikundi kilete viungo kumi”, umeomba viungo na umeletewa viungo.

Omba vitatu. Na kwa kila kimoja omba maelezo ya sentensi tatu: nani ameandika na kwa nini tumsikilize, anasema nini kinachohusu swali letu, na kitu gani hakisemi au tunakitilia shaka. Sentensi ya tatu ndiyo inayomfichua asiyesoma, kwa sababu haiwezi kunakiliwa kutoka kwenye ukurasa wenyewe.

Tazama tofauti. Maelezo ya kwanza: “Ukurasa huu unazungumzia historia ya Union Minière, ni mzuri sana.” Ya pili: “Umeandikwa na kampuni yenyewe kusherehekea miaka yake. Unataja tani na matanuru kwa mwaka. Hautaji mgomo wa Desemba 1941 wala waliopigwa risasi hapa Elisabethville, ingawa miaka hiyo imo kwenye jedwali lao.” Anayeandika ya pili amesoma ukurasa na amesoma kitu kingine pembeni. Mpe alama zote, hata kama ameleta kiungo kimoja badala ya vitatu.

Kwa wanaoanza, maelezo yawe kwa Kiswahili hata kama chanzo ni cha Kifaransa. Mwanafunzi anayenakili sentensi ya Kifaransa neno kwa neno hashikiki kwa urahisi. Anayelazimika kuieleza kwa Kiswahili anajulikana mara moja kama ameelewa. Walimu wengine hawakubaliani nami kwa hofu ya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, ambao ni wa Kifaransa. Basi wafanye lugha mbili.

Na viungo vifanye kazi darasani. Anza kipindi kwa kuchukua alamisho moja ya juma, soma maelezo yake kwa sauti, uliza kikundi kingine kama wanakubali. Dakika tano zinatosha. Mkusanyiko usiotajwa darasani hufa kabla ya Pasaka.

Kiungo kilikuwa kizima, sasa kimekufa

Kwanza hakikisha kimekufa kweli. Ukiona 404, tovuti ipo lakini ukurasa umeondolewa au umehamishwa. Tafuta kichwa cha makala ndani ya tovuti hiyohiyo. Ukiona 403, ukurasa upo ila umekatazwa. Ukiambiwa seva haipatikani na kurasa nyingine zinafunguka, tovuti nzima imeondoka au iko chini kwa muda, jaribu kesho.

Vifo hivi ni vya kawaida. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima na kutangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Mwalimu anayetumia mkusanyiko uleule mwaka hadi mwaka lazima ajikinge.

Kinga ni Wayback Machine ya Internet Archive. Unapohifadhi alamisho, bandika anwani hiyo pia kwenye kisanduku chao cha kuhifadhi ukurasa. Watatengeneza nakala yenye tarehe, na kiungo cha nakala kinawekwa kwenye maelezo. Kwa ukurasa uliokwisha kufa, bandika anwani ya zamani huko uone kama mtu mwingine aliuhifadhi. Kwa Wikipedia, tumia kiungo cha kudumu kilicho kwenye menyu ya zana, ambacho kinafungua toleo lile hasa mwanafunzi alilolisoma, hata kama makala imeandikwa upya.

Kwa shule ambayo umeme na mega ni vya kubahatisha, Kiwix inasaidia sana. Unapakua Wikipedia ya Kifaransa, au Vikidia iliyoandikwa kwa ajili ya watoto, mara moja kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na inasomeka bila intaneti. Alamisho inakuwa jina la makala lililoandikwa kwenye daftari pamoja na lebo na sentensi tatu. Utaona kwamba hakuna kilichopungua.

Zana yenyewe imefungwa

Hili litakupata. Delicious ilipita kwa Yahoo mwaka 2005, ikauzwa na kuuzwa tena, hadi mwaka 2017 mwenye Pinboard alipoinunua kwa dola 35,000 na kuigeuza ya kusomwa tu. Google Bookmarks ilifungwa 2021. Pocket, iliyokuwa mali ya Mozilla, ilifungwa Julai 2025. Hakuna iliyoomba ruhusa ya darasa la mtu.

Kila mwisho wa mwezi tafuta kitufe cha kuhamisha data nje, chagua faili la HTML, na ulitunze kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Karibu zana zote zinaelewa faili hilo, na kivinjari chochote kinalifungua hata bila intaneti. Angalia jambo moja baada ya kupakua: je, maelezo na lebo vimo, au ni anwani tupu? Zana nyingine hutoa lebo na kuacha maelezo. Ikiwa hivyo, chukua pia faili la CSV kama lipo. Na folda za bure zenye kikomo, au kitufe cha kuhamisha kilichofichwa nyuma ya malipo, viwe sababu ya kutoichagua zana hiyo tangu mwanzo.

Vidogo vidogo

Mwanafunzi anadai amewahi, zana inasema kazi imewekwa saa moja kabla au baada: akaunti imepangwa kwa saa za Kinshasa. Kwenye orodha chagua Africa/Lubumbashi, maana sisi tuko saa moja mbele yao.

Matangazo ya kamari au picha chafu zimeingia kwenye mkusanyiko: kikundi kiko wazi kwa wageni. Funga, weka idhini ya mwalimu kabla ya kiungo kuonekana, futa, endelea na somo.

Mtu amefuta viungo vya kikundi kingine: ondoa haki ya kufuta kwa wote isipokuwa wewe na mtunza viungo.

Prefe amekataza simu

Prefe, yaani mkuu wa shule, ana sababu zake, usimbishie mbele ya walimu. Kuhifadhi alamisho hakuhitaji simu darasani hata kidogo. Kunahitaji nafasi ya kutafuta nje ya darasa na nafasi ya kujadili ndani yake. Chapa orodha ya juma moja, viungo na maelezo ya wanafunzi, kurasa mbili, umpelekee asome. Mweleze kwamba darasani inaingia karatasi hiyo tu. Kama kuna kompyuta kwa sekretari, omba saa moja Ijumaa baada ya vipindi, na mtunza viungo wa juma hilo aingie pamoja nawe, akiwa na daftari lake la anwani limekwisha kupangwa, ili saa hiyo iishe kwa kuandika na si kwa kutafuta.